Dalali aliniuliza kila kitu isipokuwa idadi ya watoto

"Hawa wote wa kwako?"

Hilo ndilo neno la kwanza nililoambiwa na mama mwenye nyumba pale Sinza, shikamoo yangu ikiwa bado mdomoni. Nimesimama getini na watoto wanne, wameoga, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa, na yeye yuko mlangoni na mwiko mkononi. Akawahesabu kwa ule ule mwiko: mmoja, wawili, watatu, na huyo wa nyuma naye. Bibi yangu alikuwa hahesabu hata vifaranga, anasema unawaita mwewe. Huyu mama akahesabu watoto wa watu kwa mwiko wenye ugali. Kisha akamgeukia dalali, mimi akaniruka kama sipo. "Nilikwambia familia ndogo. Hii ndiyo familia ndogo?"

Wifi zangu wawili wanataka kuhamia Dar na kila siku wananiuliza mtaa gani unafaa mtu mwenye watoto. Nimechoka kurudia kwenye simu, naandika mara moja. Ila nawaonya mapema kwamba siwezi kuizungumzia mitaa ya jiji hili bila kumpitia yule mama.

Tulikuwa tunakaa Mbagala Rangi Tatu. Baba watoto anafanya kazi bandarini, kwake yeye Kurasini ni hapo tu. Mimi nina fremu ya ushonaji Mwenge, upande wa pili wa jiji. Hebu chora ramani kichwani: natoka wamelala, narudi wamelala. Siku moja, ilikuwa karibu na masika, nikarudi mapema kidogo nikamkuta mdogo wetu analia. Nikamnyooshea mikono, akanipita akaenda kwa dada wa kazi, akamwita mama. Usiku ule ule nikamwambia mume wangu tunahama.

Dalali nilimpata kwa kuelekezwa na mteja. Nikatoa shilingi 20,000 ya usumbufu, yaani hela ya kuzungushwa kuona nyumba, ambayo hairudi hata mkizungushwa mkaonyeshwa choo. Na kabla ya safari akanihoji kama ninaomba uraia. Kazi ya mume? Dini? Kabila? Mume anakunywa? Tuna gari? Tunafuga mbwa? Watoto hakuuliza. Na mimi, nikisema ukweli wa Mungu, sikusema. Nimekaa Dar miaka kumi na moja, nilijua kabisa kwa nini sisemi.

Nyumba ya Sinza niliiona mara ya kwanza peke yangu, siku ya kazi, mama mwenyewe hayupo. Vyumba viwili, sebule, jiko la ndani, LUKU, yaani mita ya umeme, yake pekee. Shilingi 450,000 kwa mwezi, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Piga hesabu: 3,150,000 kabla hujanunua hata pazia. Tulikuwa tumezikusanya kwa mchezo wa kupeana hela na kwa mkopo wa kazini kwa mume wangu. Niliipenda ile nyumba hadi nikaona aibu. Nilisimama jikoni nikaona pale pa kuweka mashine yangu ya kushonea, dirishani, nikawa najiona nimeshahamia.

Na Sinza yenyewe, jamani, sitaidhulumu kwa sababu ya mtu mmoja. Ule mtaa ulipimwa. Miaka ya 1970, ulipokuja mradi wa viwanja kwa fedha za Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilichorwa kwanza ndipo watu wakajenga, tofauti na kwingi ambako watu walijenga na ramani ikaja kuwafuata nyuma ikiwa na iksi nyekundu ya kubomolewa. Barabara zimenyooka. Gari la wagonjwa linafika mlangoni. Palestina hospitali ipo, shule mtoto anakwenda kwa miguu, na kutoka hapo hadi Mwenge ningeweza kurudi mchana kumnyonyesha mtoto, kama ningekuwa bado nanyonyesha. Kelele zipo, baa ni nyingi kuliko maduka ya madaftari, lakini kelele mtoto anazizoea.

Sasa turudi getini. Jumamosi ile niliwapeleka watoto waione nyumba yao kabla hatujalipa. Binti yangu wa miaka sita alikuwa ameshamwambia mwalimu wake kwamba anahamia Sinza. Yule mama akaendelea, anaongea na dalali lakini sauti ni ya kwangu: "Ukuta nimepaka rangi juzi. Nyeupe." Basi mwanangu wa pili akaiondoa mikono yake pole pole, akaificha nyuma ya mgongo. Hakuna aliyemwambia. Mikono ilikuwa safi, niliiosha mwenyewe. Akasimama hivyo muda wote tuliokuwa pale, kama mtuhumiwa.

Nilijibu? Sikujibu. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Mimi ambaye nikidhulumiwa nusu mita ya kitambaa Kariakoo nagombana hadi wapita njia wanasimama, pale nilisema "samahani mama". Samahani ya nini? Ya kuzaa?

Dalali akanivuta pembeni. Nilidhani anarudisha hela. Akasema, "Dada, ungeniambia una timu ya mpira tungepanga mbinu." Halafu akanipa mbinu: wapeleke kwa bibi yao mwezi wa kwanza, hamia na mmoja, mwenye nyumba akishazoea unawaingiza mmoja mmoja. Usiku. Kama magendo ya sukari. Nilipomwambia anirudishie 20,000 yangu akashangaa kweli kweli, kama mtu aliyeombwa figo. "Nyumba si umeiona?"

Tukatembea hadi Shekilango kutafuta daladala. Wa nne, yule wa nyuma, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka tisa na ana akili za mtu mzima, jambo ambalo silipendi kwa mtoto. Tumekaa kwenye siti, ananiambia taratibu wenzake wasisikie: "Mama mdogo, mimi nikirudi kwa bibi Kilosa, nyie mtaipata?"

Nyota moja. Dalali nyota moja, mama mwenye nyumba hana hata kipande.

Baada ya hapo nilitafuta mitaa kwa hasira, na usitafute nyumba kwa hasira, utaona mabaya tu. Goba nilikwenda: hewa nzuri, nyumba kubwa kwa bei ndogo, lakini ukiacha lami unashuka bonde na kupanda bonde kwa bodaboda, na mvua ikinyesha hiyo bodaboda inakuacha juu ya kilima na viatu unavishika mkononi. Kimara ni mabasi ya mwendokasi, na tangu yalipoanza 2016 watu wamekimbilia huko, ila mvua kubwa ikijaza Jangwani barabara inafungwa na mume wangu wa Kurasini anarudi nyumbani kwa hadithi. Kigamboni mume wangu aliipenda kuliko kitu, maana daraja linatua Kurasini kabisa, karibu na kazi yake. Mimi wa Mwenge nilimuuliza kama anataka mke au anataka daraja. Gongo la Mboto hatukufika. Mama yangu mzazi ukimtajia tu Gongo la Mboto anauliza yale mabomu ya ghala la jeshi yaliyolipuka 2011 yaliisha? Ukimwelewesha kwamba hata hapo Mbagala tulipokuwa yalilipuka 2009, ndio kwanza anaongeza maombi.

Na kila nilikokwenda swali likawa lile lile, nikawa nalisikia hata lisipoulizwa. Watoto wangapi. Nikajifunza kusema wawili.

Ndivyo tulivyopata Tabata, upande wa Segerea. Nani alipanga hili jiji sijui, ila ukitazama Barabara ya Mandela, sisi ndio tulitakiwa kukaa pale tangu mwanzo: mume anashuka Buguruni hadi bandarini, mimi nakwenda upande wa pili, Ubungo, nakunja Sam Nujoma hadi Mwenge. Tangu madaraja ya juu ya Ubungo yafunguliwe 2021 pale katikati panapitika. Foleni ipo, malori ya kontena yamepanga mstari kama msiba wa waziri, lakini nafika nyumbani watoto hawajalala. Mdogo amerudi kuniita mama. Wakati mwingine ananiita mama mbele ya dada wa kazi makusudi, kama anayelipa deni.

Mwenye nyumba ni mzee, mstaafu wa reli. Nilikwenda bila watoto, nikavaa gauni la heshima, nikasema wawili. Akaandika mkataba kwa mkono, tukaenda nao serikali ya mtaa ukagongwa muhuri, 300,000 kwa mwezi, akakubali miezi mitatu mitatu. Siku ya kuhamia fuso limesimama, watoto wanateremka. Wa kwanza. Wa pili. Nilikuwa nimemficha wa tatu nyuma ya godoro, nawaambia ukweli, na yule mkubwa wa dada yangu akabaki juu ya gari mwenyewe bila kuambiwa, amejikunyata kati ya ndoo na meza. Mzee akalisogelea fuso, akachungulia.

"Hawa wengine umewazaa njiani?"

Nikaanza kulia kabla ya kujieleza. Mzee akamnyooshea yule mtoto mkono ateremke. "Shuka baba, utaungua jua. Mimi wajukuu nilionao humu ndani ni saba, mtajuana wenyewe." Basi. Yakaishia hapo. Mwezi mzima nilikuwa nasubiri apandishe kodi.

Nyumba yenyewe si nzuri, nisije nikaambiwa nilidanganya. Dari imevimba chooni. Maji ya bomba yanakuja kwa siku zake, siku zisizo zake tunanunua dumu. Kuta zina michoro ya wajukuu saba na sasa wa kwangu wanne wameongezea, kuna twiga mmoja sebuleni ana miguu sita. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi, naikatwa mimi mpangaji kwa jengo ambalo si langu. Nilimwambia mzee, akacheka, akasema atanipunguzia kwenye kodi ya pango. Hajanipunguzia. Hapo naye nyota nampunguzia, wema wake haunizuii kuhesabu.

Kwa hiyo wifi zangu, mtaa gani? Nilitaka kuandika Tabata, nimalize. Lakini nikipita Sinza, na napita mara nyingi maana wateja wangu wa mashela wako huko, moyo unanienda mbio. Naona watoto wa shule wanavuka barabara iliyonyooka wakirudi kula mchana kwao, nawaonea wivu mama zao. Nimejaribu hata kumtetea yule mama. Pengine ile ni nyumba yake moja tu duniani, pengine ni mjane, shimo la choo likijaa ni yeye anayeita gari la kunyonya na kulipa. Wapangaji wenye watoto wanajaza shimo, hilo sibishi, la kwetu hapa limejaa mara mbili. Namtetea vizuri kabisa, nafika katikati, naukumbuka mwiko.

Majuzi dalali amenitumia ujumbe. Namba yake nilikuwa nimeihifadhi kwa jina la Mwizi Sinza, kwa hiyo simu ikaandika Mwizi Sinza anasema habari za siku nyingi mama watoto, ile nyumba bado ipo wazi, mama ameshusha hadi 380,000, na watoto anakubali wawili.

Sijamjibu. Nimeusoma mara tatu, nimepiga 380,000 mara sita kwenye kikokotoo cha simu, nikaifuta, nikapiga tena. Mume wangu ameniuliza mbona nimeganda na simu usiku huu. Nimemwambia nanunua umeme.