Tulipeleka Mzee Tenwek kwa sababu ugali ulikuwa unakwama

Nimekaa na haya maneno karibu miezi miwili nikisema nitaandika kesho, leo ndio nimepata nafasi. Ni kuhusu hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, hasa wale watu wao wa kamera (ile ya kupitishwa mdomoni kuangalia ndani) na wa umio, yaani ile njia ya chakula toka kooni mpaka tumboni. Hospitali nzima siwezi kuisemea maana kwingine sijatibiwa.

Mzee wangu anakaa Olenguruone, mtu wa majani chai na ng'ombe. Mwaka jana karibu Krismasi akaanza kuacha ugali kwenye sahani, ukimuuliza anasema ameshiba. Baadaye nyama akawa anajikatia vipande vidogo kama vya mtoto, kisha akahamia viazi vya kuponda, kisha uji, na mwisho uji nao mpaka ausukume na maji. Tulimpeleka kliniki moja, jina niachieni, tukaambiwa ni alsa, yaani vidonda vya tumbo, akapewa dawa zikaisha akapewa zingine, miezi minne tunanunua dawa na yeye anazidi kutoboa tundu mpya kwenye mshipi. Hakuna siku hata moja mtu alimuuliza chakula kinakwama wapi.

Tenwek hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. "Chamgei Mzee, ugali unakwamia wapi?" Mzee akaweka kidole katikati ya kifua. Ilianza na vitu vigumu ama na maji? Vigumu. Kilo umepoteza ngapi? Dakika tano hivi na tayari ameandikiwa kamera. Mimi niko hapo nimeshika mfuko mzima wa dawa za tumbo najiona mjinga. Kumbe kitu chenyewe ni rahisi hivyo, ukiona ugali unakataa, baadaye viazi, baadaye uji, kwa mfuatano huo, basi jua huenda kuna kitu kinaziba bomba pole pole, usiishie dawa za asidi tu.

Mnaotoka upande wetu, kuna barabara ya Olenguruone kuteremka hadi Silibwet, hospitali iko hapo karibu, msizunguke. Nendeni mapema, watu wanatoka mbali sana, benchi yetu kulikuwa na mama katoka Narok na kijana mmoja mdogo tu nikadhani amesindikiza mtu, kumbe mgonjwa ni yeye. Hiyo ilinishtua. Nesi akaniambia huku Bomet hata walio chini ya miaka 30 wanawaona na kansa ya umio, na wamekuwa wakiwafuatilia kwa utafiti maana nchi nyingi huu ni ugonjwa wa wazee.

Kamera yenyewe msiogope. Unalala njaa toka usiku, asubuhi unapuliziwa dawa kooni inakufa ganzi, unapewa ya usingizi kidogo, unalala ubavu, mpira mwembamba unapita mdomoni. Mzee alikuwa ameapa hamezi nyoka ya mtu, alipoamka akauliza wataanza saa ngapi. Wakakata kinyama kidogo kupeleka maabara. Kuna ile dawa yao ya Lugol nayo, ni ayodini, wanapulizia ndani ya umio, mahali pazima panageuka kahawia na mahali palipoanza kuharibika panabaki peupe. Wanaitumia kutafuta mapema kwa watu ambao hawajahisi kitu. Kuna utafiti wao ulitoka 2016, walichukua watu 305 wa huko huko ambao hawana dalili yoyote, wanakula vizuri, asilimia 14.4 wakakutwa seli zimeshaanza kubadilika. Rudia hiyo namba pole pole. Hao ni majirani zetu na wanakula ugali wao kama kawaida.

Majibu yalikuja, kansa ya umio. Daktari alituita mimi na Mzee pamoja, hakunivuta kando kunong'ona kama wengine, akavuta kiti akakaa karibu, akaongea na Mzee kwanza mimi baadaye. Akasema imekaa muda, kupasua haitasaidia, lakini njia ya chakula wataifungua. Mzee akauliza swali moja tu, nitakula? Akajibiwa ndio.

Wanaweka stenti, ni kibomba cha waya wa chuma kilichokunjwa, wanakipitisha kwa mpira ule ule na kikishafika pale palipoziba kinaachiliwa kinajitanua chenyewe kama siku moja mbili hivi. Sehemu nyingi kazi hii wanaangalia na eksirei inayoonyesha picha moja kwa moja kazi ikiendelea, Tenwek walijifundisha kupima kwa kamera peke yake bila hiyo mashine, na wameshachapisha matokeo ya stenti zaidi ya elfu moja. Mzee alilia kifua siku mbili, wakampa dawa. Siku ya tatu akala wali na maharagwe.

Halafu kuna dada wa utafiti, aliomba ruhusa kwanza na akaeleza tukikataa matibabu hayabadiliki. Maswali yake sasa! Meno yalianza kung'oka lini, jikoni mnapika na kuni na moshi unatokea wapi, sigara, busaa ile pombe ya kienyeji, mursik yaani maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu (hapo kwa mursik Mzee akakasirika, akauliza kama na maziwa ni makosa), na chai unakunywa ikiwa moto kiasi gani. Hiyo ya chai si mchezo, vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka 2016 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa. Eldoret, na Moshi kule Tanzania, nako wamekuwa wakiuliza watu maswali ya aina hii, maana ugonjwa umeshika ukanda wote huu wa mashariki mwa Afrika kushuka hadi kusini. Nyumbani kwetu chai inatoka kwa sufuria inaingia kwa kikombe inaingia kwa mtu, hakuna kituo katikati.

Nawapa nyota nne na nusu kwa tano. Hiyo nusu nimekata kwa sababu ya gesti tuliyolala, si ya hospitali, godoro lilikuwa na bonde na maji ya moto waliyotuahidi sijayaona mpaka leo.

Mzee ameambiwa atafune sana, anywe maji katikati ya chakula na alale kichwa kikiwa juu, kwa hivyo tumeinua kitanda upande mmoja na matofali. Chai anaachiwa ipoe kwanza. Analalamika kila asubuhi kwamba tunampa chai ya kuoshea vyombo, lakini anamaliza kikombe.