Turubali la Jeep Wrangler JK kwa anayeishi Maskati

Jamaa wakilikuta gari langu limekaa wazi huniuliza swali lile lile: kulishusha hilo paa ni kazi ya watu wangapi? Ni kazi ya mtu mmoja. Nina Wrangler JK ya milango minne, ya paa la kitambaa, yaani turubali, na ninalishusha na kulipandisha paa peke yangu uani, kwa utulivu, mke wangu akiwa bado anatayarisha chai ya kuchukua safarini. Ila turubali hili lina utaratibu wake, na anayeliendea kwa nguvu bila kuujua ataliona ni adha tupu.

Wengi huanzia mbele, kwenye zile kulabu mbili zinazolishika paa juu ya kioo, kwa kuwa ndizo zilizo karibu na macho. Anzia nyuma. Dirisha la nyuma ni la plastiki laini, limezungukwa na zipu, na ukingo wake wa chini umevikwa ufito uliopachikwa kwenye vishikio viwili, kulia na kushoto. Fungua mlango wa nyuma, uchomoe ufito, ndipo uivute zipu, huku mkono mmoja umelishika dirisha lisije likaanguka na kujikwaruza. Kisha madirisha ya ubavuni: bandua velkro, fungua zipu, halafu chomoa ule mkanda mgumu ulioshonewa ukingoni, ambao umeingia kwenye mfereji wa bodi. Mkanda huo hutoka kwa kubinywa, hautoki kwa kuvutwa. Ukiuvuta, unauonea uzi wa mshono.

Madirisha yakishatoka, yalaze bapa. Mimi nina shuka kuukuu ya pamba. Naweka dirisha, nakunja shuka juu yake, naweka jingine. Plastiki ile haisamehe. Punje moja ya mchanga ikibanwa katikati ya madirisha mawili, barabara mbovu ya saa moja inatosha kukuachia ukungu wa mikwaruzo, na usiku taa za gari la nyuma zitakuonesha kila mstari. Kuyaosha ni maji kwanza, mengi, vumbi liondoke lenyewe, kitambaa baadaye. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia usizisogeze hapo.

Baada ya hayo ndipo unaziachia kulabu za mbele, unaikunja sehemu ya mbele kurudi nyuma, na vyuma vinavyolibeba turubali vinalala vyenyewe ukivisindikiza kwa mikono miwili. Tazama kitambaa kisibanwe katikati ya vyuma, funga mikanda yake, basi. Mabomba ya chuma ya juu yanabaki mahali pake, na mikanda ya viti ni ile ile, kwa hiyo watoto hufungwa kama kawaida.

Kwa jioni za mjini sihangaiki na yote hayo. Naachia kulabu mbili, naikunja ile sehemu ya juu ya viti vya mbele tu, madirisha yote yakiwa mahali pake. Jeep wenyewe wanauita mkao huo Sunrider. Ndio ninaoutumia zaidi kuanzia Oktoba mpaka Aprili, nikipita pwani ya Qurum, na kwangu mimi huo peke yake unatosha kumfanya mtu achague turubali akaliacha paa gumu. Paa gumu zima, ukitaka kulivua, linataka mtu wa pili na pahala pa kulihifadhi. Na mkianza safari hamnalo, hamnalo mpaka mrudi. Turubali unakwenda nalo. Aliyewahi kupanda Salalah wakati wa khareef, msimu wa mvua za huko, manyunyu yakaanza njiani, anaijua thamani ya hilo.

Adui wa paa hili hapa Omani ni mchanga. Ukishuka Bidiyah, ukapunguza upepo wa matairi na kuingia kwenye mchanga wa jangwa la Sharqiyah, utarudi na unga mwekundu ndani ya kila jino la zipu. Usitie mafuta. Zipu iliyotiwa mafuta inafanya tope, na tope hilo hula meno. Piga brashi kavu, ile ndogo ya rangi, kutoka juu kwenda chini, suuza, iache ikauke juani, kisha pitisha kipande cha mshumaa kwenye meno, uifungue na kuifunga mpaka iteleze. Kazi hiyo nafanya uani kila nikirudi jangwani, kabla ya kuteremsha hata mizigo.

Kulipandisha ndiko kunakowashinda watu, na sababu mara nyingi ni baridi. Kitabu cha gari kinasema kwamba chini ya nyuzi 22 za selsiasi turubali huonekana limesinyaa, na kwamba kwenye nyuzi 5 au chini yake usijaribu kulishusha kabisa. Maskati hilo halikuhusu sana. Ila lala mlimani Jebel Shams mwezi wa Januari, paa likiwa chini, uamke alfajiri utake kulifunga: plastiki imekuwa ngumu, na ncha mbili za zipu hazifikiani. Geuza gari jua lilipige, kunywa kahawa, ngoja. Kitambaa kikipata joto kinalegea chenyewe. Na hata siku ya joto, kulabu za mbele mimi nazikaza mwisho, zipu zote zikishafika juu, kwa sababu ukizikaza mapema unaliondolea turubali ule ulegevu zipu inaouhitaji.

Shemeji yangu ana JL, toleo la Wrangler lililofuata baada ya JK kuanzia modeli ya 2018. Huko zipu zimeondolewa. Madirisha huteleza ndani ya reli zake yakaingia na kutoka. Nimelifungua la kwake nikaridhika kwa moyo mweupe: ni jepesi zaidi, na kwa nchi ya vumbi ni uamuzi wa busara mno. Ipo pia JL yenye turubali la umeme, la kubonyeza kitufe, linalofanya kazi hata gari likienda mpaka kama kilomita 97 kwa saa. Mwenye uwezo wa JL achukue JL.

Turubali lolote, JK au JL, lina kelele kwenye barabara kuu. Kwa mwendo wa 120 kwenda Sohar mtazungumza kwa sauti. Wala halikulindii mali: pasipoti na pochi huingia kwenye kisanduku cha katikati kinachofungwa kwa ufunguo. Na Julai usishushe kitu mchana.

Anayetafuta JK iliyotumika asilitazame turubali likiwa limefungwa. Mwambie muuzaji alifungue lote mbele yako. Tazama mshono wa ule mkanda unaoingia kwenye mfereji, ufito wa nyuma na vishikio vyake, na ncha za zipu zinapoanzia. Kushona upya kwa fundi wa mahema si ghali; madirisha yaliyofifia ndiyo ya kuyapunguzia bei.