Roboti za Mirihi: Opportunity la sola au Curiosity la nyuklia?

Kwa gharama, Opportunity linashinda: safari ya awali, pamoja na pacha wake Spirit, iligharimu dola milioni 800 hivi. Curiosity lilimeza takriban bilioni 2.5 kwa safari yake ya awali.

Kwa kutegemeka, plutoniamu, fueli ya nyuklia ya Curiosity, haijali vumbi wala giza. Dhoruba ya vumbi ndiyo iliyolinyamazisha Opportunity Juni 2018. Lakini heko yake! Lilipangiwa siku 90, likadumu miaka 14 na kutembea kilomita 45, upepo ukilipangusia paneli mara kwa mara.

Matunzo? Fundi hafiki kule. Mawe makali yametoboa magurudumu ya alumini ya Curiosity, lakini tangu 2012 linachapa kazi kwenye kreta (shimo kubwa) ya Gale.

Bajeti ikibana na unatua karibu na ikweta penye jua zaidi, chukua sola; ukibeba maabara nzito, lipia plutoniamu.