Huduma ya mechi nzima za zamani za Ulaya: naipa nyota nne

Kama umechoka na vile vipande vya magoli tu, huduma hizi za kuonyesha mechi nzima za zamani zinakuhusu. Mimi nimejiunga na moja na pesa yangu haijaenda bure kabisa, unapewa mechi kuanzia filimbi ya kwanza mpaka kombe linanyanyuliwa, na hapo ndo unagundua stori nyingi tulizohadithiwa ni nusu nusu.

Chukua Istanbul 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Milan na Liverpool. Kila mtu anajua Milan alienda mapumziko anaongoza 3-0, halafu Gerrard, Smicer na Alonso wa Liverpool wakarudisha zote ndani ya dakika sita. Sawa, lakini kaa uangalie kipindi cha kwanza chote umwone Kaka anavyopita pale kati anavyotaka, ile pasi aliyompa Crespo kwa goli la tatu lazima uirudie, halafu kipindi cha pili anaingia kiungo wa Liverpool, Hamann, na ghafla Kaka nafasi hana tena. Kwenye vipande hiyo huioni. Na wengi wanadhani baada ya 3-3 Liverpool walitawala, hapana jamani, walibanwa vibaya mno, Traoré akatoa mpira wa Shevchenko kwenye mstari, Carragher misuli imembana na bado anajitupa miguuni mwa watu. Halafu mwishoni mwa dakika 30 za nyongeza kipa wa Liverpool, Dudek, anamzuia Shevchenko mara mbili mfululizo, kwanza kichwa, kisha shuti la karibu kabisa. Ile ya pili niliisimamisha nikairudisha polepole, mkono unapanda juu tu, mpira unaufuata wenyewe. Dah!

Fainali ya 1999 Camp Nou, Man U na Bayern, ipo pia, na ukiiangalia yote utawahurumia Bayern hata kama wewe ni Man U damu damu. Basler wa Bayern kafunga faulo mapema dakika ya 6, Keane na Scholes wa Man U hawachezi sababu ya kadi, Scholl wa Bayern anagonga mwamba, mwenzake Jancker anapiga tikitaka inagonga mtambaa panya, yaani mechi ilitakiwa iishe mapema. Ndo zikaja zile kona mbili za Beckham dakika za majeruhi, Sheringham akafunga, Solskjaer akafunga, Man U 2-1, basi.

Kuna na ya 1960 pale Hampden Park, Real Madrid 7 Frankfurt 3, Puskas manne Di Stefano matatu, mashabiki zaidi ya 127,000. Picha haina rangi lakini mpira ni mtamu, na waliotangulia kufunga walikuwa Frankfurt!

Sasa kasoro. Wanaandika matokeo kwenye kichwa cha kila mechi, hii inaudhi sana, mtu ambaye hakuiona enzi hizo mmeshamuharibia. Kubwa zaidi ni kwamba wameweka marudiano bila mechi ya kwanza. Deportivo 4 Milan 0 ya 2004 ipo, ile ya kwanza ya San Siro ambayo Deportivo alipigwa 4-1 haipo, Barcelona 6 PSG 1 ya 2017 ipo ila zile 4-0 za Paris hakuna, sasa mgeni atajuaje huo mlima ulikuwa na urefu gani?

Kwa sasa nalipia mwezi mwezi, wakiziweka zote mbili mbili nalipia mwaka mzima.