Dau limetia nanga, kihisi kinasema limelala: uzoefu wangu na akselerometa ya shilingi 450

Nilikinunua kijibodi hiki chenye akselerometa, yaani kihisi cha mwendo na mlalo, mwezi wa kwanza, kaskazi ikivuma, shilingi 450 bila nauli ya kifurushi hadi Mokowe, karibu na Lamu. Nilikitaka kwa kazi moja tu: kupima dau la ami yangu linalala kiasi gani tanga likijaa upepo. Usiku, nyumbani, kilinifurahisha. Nilikilaza juu ya kigae, nikakiwekea sifuri hapo. Ukikiinamisha digrii 10, kinasoma 10. Nikakitia ndani ya kisanduku cheusi cha plastiki (kisanduku cheusi, Lamu, kaskazi, nijilaumu mwenyewe) nikakifunga kwenye taruma, ubavu wa dau.

Saa saba mchana dau limetia nanga, maji shwari, tanga limekunjwa, na kioo cha kijibodi kinasema limelala digrii moja kushoto. Ami akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, hiki chaijua bahari kuniliko?"

Muuzaji nilipomwandikia alijibu nisikiweke juani. Kwenye tangazo lake aliandika kuwa kimesahihishwa kiwandani.

Ndani ya akselerometa za namna hii mna kipande cha silikoni kinachoning'inia kwa springi nyembamba za silikoni hiyohiyo, na chipu hupima kimesogea kiasi gani. Joto likipanda, plastiki ya nje, risasi ya kuchomea na bodi yenyewe hutanuka kila kimoja kwa kiasi chake, vikaiminya silikoni. Kipande husogea kidogo, na chipu haiwezi kujua kama ni dau lililolala au ni jua. Mili-g 17 na nusu (mili-g ni sehemu moja ya elfu ya g, mvuto wa dunia) zinatosha kukupa digrii moja ya uongo.

Basi nikaamua kuupima uongo wenyewe. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za matumbawe, na kidaka cha ukutani hakitikisiki hata punda wakipita nje. Nikaweka kigae humo. Feni nikaizima, kwa sababu tetemeko lake lilionekana waziwazi kwenye namba. Lakini hata kigae kinaweza kuwa kimeinama, kwa hiyo hupimi mara moja: unapima uso ukiwa juu, unakipindua, unapima tena. Alfajiri, nyuzi joto 26, mhimili wa Z, ule wa juu-chini, ulisoma g 1.021 juu na −0.963 chini. Jumlisha, gawa kwa mbili: 0.029, yaani sifuri imekaa mili-g 29 mbali na mahali pake. Adhuhuri, baada ya kukiacha darini ndani ya kisanduku hadi nyuzi 51, nikapata 1.058 na −0.924. Sasa ni 67. Mili-g 38 kwa nyuzi 25, na hakuna aliyekigusa ila jua. X, unaonipa mlalo wa dau, ulitoka 12 ukafika 29 na nusu. Ile digrii moja ya ami, kamili.

Upande wa baridi nilitumia kasha la barafu la wavuvi. Hapo tahadhari: ukikitoa kwenye barafu kwa hewa hii yetu ya chumvi, kinalowa umande papo hapo. Nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kikombe cha mchele mkavu, nikasubiri dakika 40 kabla ya kuamini namba yoyote. Hata ukikiwasha tu, kijibodi hujipasha chenyewe nyuzi tatu hivi, kwa hiyo dakika kumi za kwanza ni za kutupa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba kikipoa hakirudi pale kilipoanzia. Jioni, nyuzi 26 zilezile, X ilisoma 15 badala ya 12. Asubuhi 13.

Chipu ina kipimajoto chake ndani, nami nikaiandikia programu mstari mmoja: kila nyuzi ikipanda juu ya 26, toa mili-g 0.7 kwenye X. Sasa mchana kinakosea chini ya robo ya digrii, na kwa dau hiyo yatosha. Z haikufuata mstari ulionyooka, nikaiacha, siihitaji. Nikanunua cha pili, cha muuzaji yuleyule, nikijua nitanakili namba. Wapi! X yake huhamia upande wa pili kabisa. Kila kimoja kina tabia yake, kila kimoja lazima kipitie darini na kwenye barafu.

Kama huna siku mbili za kupoteza, iko akselerometa ADXL355 ya kampuni ya Analog Devices, ambayo karatasi yake ya vipimo inaahidi sifuri kutohama zaidi ya mili-g 0.15 kwa nyuzi moja, lakini bei yake si ya mfuko wangu. Hiki nakipa nyota tatu. Kisanduku nimekipaka chokaa nyeupe, na mchele ule mke wangu kakataa usirudi kwenye debe.