Mashine ndogo ya kusagia viungo: kwenye binzari iko poa, kwenye ufuta imeniaibisha

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda aondoke mapema, naipa tatu kati ya tano. Ilikuwa ipate mbili ila pilipili manga imeiokoa, nitafika huko.

Ni zile mashine ndogo za umeme, bakuli la stili ukubwa wa kikombe cha chai, kisu cha mabawa mawili chini, kifuniko cha plastiki unakibonyeza ndo inazunguka na ukiachia inasimama. Nimeichukua Arusha mjini duka moja la vyombo, bei ya kwanza 60,000 nikalia lia mpaka 45,000. Na msiende kusema mnataka grainda kama mimi, kijana aliingia stoo akatoka na ile ya kukatia vyuma, anaifuta vumbi na fulana yake, ananiambia dada hii ni orijino hautarudi tena dukani. Semeni tu ya kusagia viungo.

Sasa kilichonipeleka kuinunua ni kitu kinaitwa dukka. Nilikionja mara ya kwanza nikifanya kazi ya msimu jikoni kwenye lodji, ni chakula cha Misri, mbegu na njugu zimekaangwa bila mafuta zikapondwa na giligilani na binzari nyembamba na chumvi, wenyewe wanachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni alafu wanachovya humo. Jina lenyewe ni Kiarabu, linatokana na kutwanga, na laiti ningelifikiria hilo jina kabla ya kutoa hela yangu ningeokoa 45,000. Mume wangu nilivyomwambia natengeneza dukka akauliza umepata na fremu wapi, akajua nafungua duka.

Huko kwao wanaweka hezelinati, ni aina ya njugu za Ulaya, huku Moshi uzipate wapi na kwa bei gani, mi nikaweka korosho na mbegu za maboga. Mbegu na viungo nilinunua soko la Mbuyuni, na hapa ningependa kumpa nyota tano yule mama maana nilimuuliza, "Mama shikamoo, hii binzari nyembamba ni ya lini?" hakunijibu kwa mdomo, akachota kidogo, akaisugua kwenye kiganja kwa dole gumba, akanisogezea kiganja puani. "Haya, niambie wewe ni ya lini." Ilinukia mpaka nikapiga chafya. Binzari ya zamani ukiisugua hivo inanuka vumbi tu, kwahiyo fanyeni hicho kitendo kabla hamjalipa popote pale.

Ufuta ndo uwe nao makini, una mchanga. Pepeta kwenye ungo, alafu osha maji mawili matatu, mawe yanabaki chini unachota wa juu, anika mpaka ukauke kweli kweli. Mi chupa ya kwanza nilipepeta tu nikaona imetosha, tukala mayai yanasema krach krach na sio ufuta huo unaolia.

Vipimo vyangu ni korosho kikombe kimoja, mbegu za maboga nusu kikombe, ufuta nusu kikombe, giligilani nzima vijiko vinne vya chakula, binzari nyembamba viwili, pilipili manga kijiko kimoja cha chai na chumvi kimoja na nusu. Kila kitu kikaangwe peke yake kwenye kikaango kikavu moto mdogo, usivichanganye kwa uvivu, ufuta dakika tatu nne tayari umeshaanza kurukaruka na kubadilika rangi wakati korosho bado imekaa tu inakuangalia. Binzari ndo ya haraka kuliko wote, ukisikia harufu imetoka toa hapo hapo na uimwage kwenye sahani, maana ukiiacha kwenye kikaango hata kama umezima moto inaendelea kuungua na ikiungua ni chungu, mwaga anza upya.

Turudi kwenye mashine sasa. Giligilani, binzari na pilipili manga iliweza vizuri mno, sekunde kumi tu. Pilipili manga ya kusaga mwenyewe na ile ya pakti ni vitu viwili tofauti, nilifungua kifuniko jikoni mtoto akapiga chafya sebuleni. Hiyo ndo nyota ya tatu.

Alafu nikaweka ufuta na korosho vikiwa bado vya moto, nikabonyeza, nikashikilia kama sekunde thelathini hivi nikisubiri kitu cha maana, mara sauti ikabadilika ikawa nzito, mashine inatetemeka, nafungua nakuta tope. Yani tope la kahawia limepanda kwenye kuta za bakuli na chini ya kisu limeganda kama udongo wa mfinyanzi. Ufuta karibia nusu yake ni mafuta jamani, na korosho nayo hivo hivo, ukiweka vya moto alafu kisu nacho kinaongeza joto mafuta yanatoka yote. Kijana wa dukani aliniambia inasaga kila kitu mpaka mifupa. Hakusema ikisha saga inakuwa nini.

Mama mkwe alikuwa kwetu wiki hiyo, ameshuka kutoka Marangu kwa kliniki yake, akaja kuchungulia. "Mwanangu, hii si ndo ya kutia kwenye mchicha?" Nikamwambia hapana mama, nilitaka iwe chengachenga. Akacheka. "Chengachenga na umeme wapi na wapi. Kinu kiko wapi?" Kinu chenyewe ni kile kidogo cha kupondea kitunguu saumu, akakaa kwenye kigoda, akawa anaweka kiganja kimoja kimoja, anapiga mara tano sita anamwaga kwenye bakuli, wala hana haraka. Korosho zikatoka vipande vya kila saizi, ufuta mwingine umepasuka mwingine mzima. Ndo ile ile ya lodji, ukitafuna kila tonge lina kitu chake.

Lile tope hatukulitupa, lilienda kwenye mchicha kama alivyosema na kiukweli lilikuwa tamu kuliko karanga.

Nimerudia na mashine mara mbili baada ya hapo ili nisiionee. Ukiacha mbegu zipoe kabisa, ukajaza nusu bakuli tu, ukabonyeza sekunde mbili unaachia unatikisa unabonyeza tena, inakubali kiasi, ila chini inakuwa unga na juu vipande vikubwa. Ufuta siuweki tena, nauchanganya mzima mwishoni.

Malalamiko mengine. Kifuniko hakina mpira kwahiyo vumbi la viungo linapenya na kukuingia machoni. Bakuli halichomoki, huwezi kuliosha kwa maji, unafuta na kitambaa, na harufu haitoki kirahisi. Asubuhi moja nikasagia kahawa yetu ya nyumbani, mume akanywa funda moja akaniuliza kama leo tunaanza na pilau. Dawa yake saga mchele mbichi mkavu kijiko kimoja viwili, mwaga, futa, harufu inapungua sana. Waranti nao niliambiwa ni mwaka na ipo kwenye risiti, risiti yenyewe ni ile ya karatasi laini, ndani ya wiki tatu maandishi yameshafutika, kwahiyo mkinunua popote pigeni picha risiti siku hiyo hiyo.

Kwahiyo kama wewe ni mtu wa viungo vya pilau, vya chai, pilipili manga, nunua hautajuta. Kama unaitaka kwa ajili ya mbegu kaa na hela yako.

Dukka yenyewe tunakula na parachichi, hapa ndo haina mpinzani, unakata nusu unanyunyizia na ndimu kidogo. Mayai ya kuchemsha pia, na ndizi za kuchoma. Nimetumia kama 14,000 nikapata chupa mbili za jamu zimejaa, chupa iwe kavu kabisa, mi namaliza ndani ya mwezi kabla mafuta hayajachacha.

Chupa ya pili sina, imepanda Hiace ya Marangu Jumapili na mama mkwe. Nilimwambia achukue na mashine akasagie iliki, akaniuliza kinu nitampa lini.