From the Top: saa moja ya vijana, klasiki na maikrofoni isiyosamehe

From the Top, kipindi cha redio chenye makao Boston, Marekani, kipo hewani tangu mwaka 2000. Wageni wake ni wanamuziki wa klasiki wenye umri wa miaka 8 hadi 18, na kila mmoja hupiga kisha akahojiwa kidogo. Upande wa muziki kinastahili alama za juu. Upande wa mpangilio, tunakipunguzia.

Nguvu yake iko kwenye kiti cha piano. Christopher O'Riley, aliyekiongoza miaka mingi, ni mpiga piano wa jukwaani, na Peter Dugan aliyekuja baadaye ni vivyo hivyo. Mtangazaji wa aina hii anaweza kumsindikiza mgeni wake mwenyewe. Kijana wa fidla akipandwa na msisimko na kuanza kuukimbiza muziki, msindikizaji mzuri hamvuti nyuma kwa ghafla. Huongeza uzito kidogo kwenye noti za besi mpaka mwendo utulie. Asiyejua hasikii kitu.

Redio huanika mengi ambayo ukumbini macho huyafunika: mpiga filimbi anayevuta pumzi katikati ya sentensi ya muziki, upinde wa selo unaokwaruza pale unapogeuka, pedali ya piano iliyokanyagwa muda mrefu hadi noti zilizopita zikazifunika mpya. Joto la taa za jukwaa nalo lina mambo yake. Nyuzi hulegea, sauti ya fidla ikashuka, huku ya klarineti ikipanda, na wawili walioanza wakipatana huachana kabla ya kumaliza.

Tatizo ni muda. Gawa saa moja kwa wageni watano, toa mazungumzo, kila mmoja hubakiwa na dakika chache tu. Sonata nzima, yaani utunzi wenye sehemu kadhaa, haiingii, na kishawishi ni kuchagua sehemu ya mwisho yenye kasi na makofi. Hasara kweli, kwa sababu ukomavu wa kijana hupimwa kwenye sehemu ya polepole: noti ndefu haina pa kujificha.

Sikiliza kwa hedifoni. Ndani ya gari, mngurumo humeza sehemu zote laini. Zima pia kile kitufe cha kusawazisha sauti kwenye simu, kwani hupandisha palipo chini na kushusha palipo juu, muziki ukabaki bapa.

Kwa mzazi au mwalimu, kivutio kingine ni tuzo ya Jack Kent Cooke Young Artist Award, inayofika dola 10,000 kwa kijana mwenye kipaji ambaye familia yake haina uwezo. Rekodi ya kuombea tuzo ichukuliwe mita mbili hadi tatu kutoka kwa mpigaji. Simu isiwekwe juu ya piano, maana itanasa mitikisiko ya mbao kuliko muziki, na urekebishaji wa sauti wa kiotomatiki uzimwe kabla ya noti ya kwanza.